Shuka, Neno Lililonishinda

Siku mliyoniaga mlinipa soda, keki na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya zamani ya kwa dobi hospitalini. Saa nimeitundika, ingawa mtu aliyestaafu sijui anaitazamia nini. Haya ya kuandika ndiyo nimekawia nayo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu Kijaluo hamkijui, na aliyenifundisha Kiswahili ndiye hasa ninayetaka mumjue. Mambo ya vyeo na mishahara msiyatafute humu. Cheo sikupanda, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa amefariki, na binti yetu wa pekee, Akinyi, alikuwa darasa la pili. Tulikuwa tumepanga chumba Nyalenda hapa Kisumu, nikiuza mboga kando ya njia, mboga zikinyauka na mimi nanyauka nazo. Jirani akaniambia hospitalini wanatafuta mwanamke mwenye mikono ya kufua. Nikasema mikono ndiyo mali niliyobaki nayo. Juma lililofuata nikaajiriwa.

Siku ya kwanza waliniweka nje, kwenye nyaya za kuanikia. Nyaya zilikuwa juu na mimi Mungu hakunipa urefu, kwa hiyo nikapewa sanduku la mbao nisimamie. Niko huko juu na vibanio mdomoni, nikasikia mtu wa wodi akipaza sauti dirishani: "Shuka!" Nikashuka. Nikasimama pale chini kama mwanafunzi aliyechelewa, nikingoja niambiwe nimekosa nini. Akarudia kwa ukali, "Shuka, mama! Wodi wanangoja!" Nikamjibu, "Baba, si nimeshashuka? Unataka nishuke niingie ardhini?"

Hapa nimeandika vizuri, lakini mdomoni mwangu lilitoka "nimesasuka", kwa maana sisi Wajaluo hiyo "sh" hutuponyoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga pasi ndani alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akatoka, akaniondolea vibanio mdomoni kimoja kimoja, akasema, "Mwenzangu, anataka shuka, la kitandani. Wewe umemsuka nani hapa?"

Huyo ndiye Zaituni. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Kaloleni hapa mjini, babu zake walikuja Kisumu na biashara wakasahau kurudi pwani, na Kiswahili chake kilinyooka hata akiwa na hasira. Alinizidi umri kidogo tu lakini alinichukua kama mtoto. Jioni hiyo nilimsimulia Akinyi kisa chote, naye akaona ni wajibu wake kunirekebisha. "Mama, fanya kama unamnyamazisha mtoto. Shhh." Nikafanya. "Sss." Akinyi akaangua kicheko. "Hiyo ni nyoka, Mama!" Tangu siku hiyo nikawa na walimu wawili, mmoja kazini na mmoja nyumbani, na wote wawili waliambulia patupu.

Kazi yenyewe Zaituni alinifundisha kwa mikono, si kwa maneno. Damu huanza na maji baridi. Ukiitia maji ya moto umeipika, na doa lililopikwa halitoki tena, hata mkurugenzi akija kulisugua mwenyewe. Shuka la mgonjwa wa kuhara huenda pipa lake peke yake. Kila shuka hukung'utwa kabla ya kufuliwa, maana manesi husahau sindano, na vidole ni vyako. Buluu kidogo, wanga kidogo, jua jingi. Nilipenda boila letu la kuchemshia maji wakati huo. Lilikuwa likinguruma asubuhi nzima kama mzee anayelalamikia chai, na chumba cha kukaushia kilikuwa na joto la kukausha hata machozi.

Lakini kitu ambacho Zaituni hakukubali kifanywe ovyo ni kukunja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ninyi siku hizi mnalikunjia mezani, nimewaona, na ndiyo sababu mashuka yenu yanafika wodini yamejikunyata. Wanasimama watu wawili, kila mmoja na pembe mbili. Mnalivuta mpaka linalia, mnalikunja kwa urefu, kisha mnaendeana. Mikono ikikutana mmoja anampokonya mwenzake pembe zake, yule mwingine anainama kuokota mkunjo uliobaki chini.

Kila mikono yetu ilipokutana Zaituni alisema polepole, "Rehema ishuke." Nilimuuliza ni kwa nani. Akasema, "Kwa atakayelilalia. Unadhani namwombea shuka?" Mimi kanisani kwetu tulizoea kuomba neema, basi nikawa namjibu, "Neema ishuke." Tukabishana siku nyingi, ni rehema au ni neema, na nani kati yetu anajua anachoomba. Kazi ilipozidi tukakosa muda wa ubishi, tukafupisha, tukabaki na neno moja tu. Yeye anasema "Shuka", na mimi nasema langu, "Suka." Alikuwa akiniambia Mungu anaelewa kila lafudhi, ila yeye Zaituni ndiye anayeumwa na masikio.

Idi moja alinialika kwake na Akinyi. Tulikula pilau mpaka tukashindwa kuinuka. Halafu akanifungulia sanduku lake chumbani, akanionyesha kitambaa kirefu cheupe, hakijakatwa, kimekunjwa na kufukizwa udi. Nikakipapasa, nikasema, "Hiki ni kizuri sana, utashona nini?" Akasema, "Sanda yangu. Kaka yangu aliniletea kutoka Maka." Yawa! Nilirudisha mkono kana kwamba nimegusa jiko. Kwetu mtu hajitayarishii kifo, itasemekana unakiita. Zaituni akacheka. "Mama Akinyi, kitakuja tu, nikiita nisiite. Heri kinikute nina nguo." Njiani kurudi nyumbani nilikuwa bado naufuta mkono ule kwenye gauni. Akinyi akasema, "Lakini Mama, kilikuwa kinanukia vizuri."

Miaka ya tisini ilipoingia, sisi wa kwa dobi tulijua kabla ya magazeti kwamba kuna jambo. Tulijua kwa mashuka. Yaliongezeka, na yakaja mabaya zaidi. Wodini kitanda kimoja kikawa na wagonjwa wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Wengine walilala chini. Ugonjwa wenyewe leo mnautaja kwa jina. Sisi tulisema "huu ugonjwa" tu, na kijijini walisema chira, kwamba mtu amevunja mwiko wa nyumbani ndiyo maana anakonda. Mimi nilifua mashuka ya wachungaji na ya makahaba katika karo moja, na sikuona tofauti.

Kisha boila likafa. Fundi alikuja, akalizunguka, akatikisa kichwa, akaondoka, na huo ndio ulikuwa ukarabati. Tukarudi kufua kwa mikono kwenye karo za saruji. Magugu yalikuwa yamefunika ziwa, na maji ya mfereji yakaja na rangi ya chai. Glavu zilichanika, sabuni ikaja leo ikakosa kesho. Kukausha ikawa kwa hisani ya jua.

Akinyi wakati huo alikuwa mtu mzima, mwalimu wa chekechea palepale Nyalenda. Watoto walimpenda kwa sababu aliwaimbisha bila kuwapiga. Hakuwa ameolewa. Kulikuwa na kijana mmoja, nilimjua, na alikufa. Halafu Akinyi akaanza kukohoa. Kwanza wakasema malaria, kisha wakasema kifua, kisha wakaacha kusema. Alipolazwa, ilikuwa wodi ya wanawake, ng'ambo tu ya uwanja wetu wa kuanikia. Nikiwa kwenye sanduku langu niliweza kuona dirisha lake.

Nilitaka kitu kimoja duniani, Akinyi apone. Nililisema hilo kwa Mungu asubuhi na jioni, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na mara moja kwa Kiingereza, endapo huko juu wanasikiliza hicho zaidi. Nilifunga kula. Wanawake wa kanisa walikuja kwa dobi kuomba nami. Mmoja wao, simtaji, akaniambia nichunguze ni wapi nyumba yangu ilikosea. Nilikuwa nimeshika shuka bichi. Nikamwambia, "Mama, shika pembe hizi mbili tukamue, au nenda." Akaenda.

Mvua ikaanza. Si ile ya jioni tuliyoizoea, inayotoka ziwani ikapiga na kupita. Hii ilinyesha asubuhi, ikapumzika ili kuvuta nguvu, ikanyesha tena. Nyaya zikawa na mashuka yanayodondosha maji juu na maji chini. Hospitali nzima haikuwa na shuka kavu. Ya nyumbani nilikuwa nimeleta yote, na leso zangu zote, lakini Akinyi alikuwa akihara, zikachafuka, nikazifua, hazikukauka. Akawa amelala juu ya mpira wa godoro, uti wa mgongo umetokeza, na mpira ule ukimshika ngozi kila akigeuka. Nilimwendea nesi. Alikuwa msichana mwema, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Akaniambia, "Mama, mashuka yanatoka kwako. Mimi nikuulize nani?"

Nilirudi kwa dobi nikasimama chini ya bati, nikiangalia mashuka yale yote yamelowa. Mashuka ya watu wote nimefua, na mwanangu hana la kulalia. Uchungu ule sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, niseme wazi. Nilitaka kuomba, na maneno yote niliyofundishwa kanisani yalikuwa yameisha, kama sabuni. Lilibaki lile moja la kazini. Nikalisema. "Suka." Nikalisema tena na tena pale chini ya bati, na hata mimi sikujua kama ninaomba kitambaa au ninamwambia Mungu ateremke aje aone.

Zaituni alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli. Hakunicheka. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini, magoti yamemchosha. Akanitazama, akageuka, akatoka getini katikati ya mvua. Nikadhani ameshindwa kuniona nikilia.

Alasiri nilikuwa kando ya kitanda cha Akinyi alipoingia wodini, amelowa mpaka mabegani, amekumbatia mfuko wa plastiki ndani ya buibui lake. Akasema, "Mnyanyue mtoto." Nikamnyanyua, na hapakuwa na mzigo wa kunyanyua. Zaituni akafungua ule mfuko, akakung'uta kitambaa mara moja hewani, na wodi nzima ikanukia udi.

Nikakijua. Nikasema, "Zaituni, hapana. Hiyo ni yako."

"Mimi bado natembea," akasema. "Shika pembe zako."

"Itachafuka."

"Na wewe kazi yako ni gani, Mama Akinyi? Itachafuka, utaifua. Shika pembe."

Nikashika. Tukakitandaza, tukakichomekea chini ya godoro kama alivyonifundisha, bila kunyanzi hata moja. Kitanda kile Akinyi alishirikiana na mama mmoja muuza omena wa Port Victoria, mgonjwa kama yeye, aliyekuwa amejibana ukutani akitutazama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je?" Zaituni akamwambia, "Ni ndefu, dada. Inawatosha." Na ilitosha. Tukawalaza wote wawili.

Akinyi aliweka shavu pale, akavuta pumzi. "Ni ile ya Idi," akasema. Zaituni akaitika, "Ni ile ile." Akinyi akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu alazwe.

Sikumwona Mungu pale, vijana wangu. Niliona mwanamke mwenye magoti mabovu aliyetembea kwa mvua hadi Kaloleni na kurudi. Lakini nilihisi pumzi yangu inaingia na kutoka, kitu ambacho asubuhi hakikuwepo. Nilikuwa nimeomba uhai wa mtoto, nikaletewa kitambaa. Nilikipokea kwa mikono miwili kwa sababu hapakuwa na kingine, na bila hicho ningeanguka.

Siku zilizobaki Akinyi aliongea kidogo. Manesi walimpaka dawa ya zambarau kwenye vidonda vya mdomoni, na midomo yake ikawa kama ya mtoto aliyekula zambarau mtini. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, jua limeingia dirishani, naye akaniambia, "Mama, sema shuka."

"Suka," nikasema.

Akatabasamu na midomo yake ile. "Bado nyoka," akasema.

Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Nilimshika mkono, na wakati wanagawa chai ya asubuhi pumzi yake ilienda ikiachana, ikaacha kurudi. Yule mama wa Port Victoria ndiye aliyelia kwanza. Mimi nilibaki nikimpapasa nywele na kumwambia "sss, sss", kama bado anahitaji kubembelezwa.

Tulimpeleka nyumbani kijijini, mbele ya Kisian. Binti ambaye hajaolewa kwetu hazikwi ndani ya boma, huzikwa nje ya ua. Nilijua desturi, nilizaliwa nayo. Hata hivyo niliwaomba shemeji zangu, na hawakukubali. Yuko nje, upande wa shamba la mahindi. Hilo nimeshindwa kulizoea, na sitajaribu tena.

Niliporudi kazini nilikifua kile kitambaa mwenyewe, kwa maji baridi kwanza, peke yangu, na sikumruhusu mtu akiguse. Kikatakata chote isipokuwa sehemu moja, alama ndogo ya zambarau, pale alipokuwa akiweka shavu. Nilisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa ya madoa, nikaanika juani, nikasugua tena. Dawa ile ya zambarau mnaijua, haitoki. Nikampelekea Zaituni nikilia, nikamwambia nimemharibia sanda aliyoletewa kutoka Maka, nitamtafutia nyingine.

Akapitisha kidole juu ya ile alama. "Nguo ikifuliwa ni safi," akasema. "Liache hilo. Huko nikiulizwa hili doa ni la nini, nitasema ni la Akinyi wetu, na mwenyewe atakuwa ashafika, anishuhudie."

Tulikikunja pamoja. Mikono ilipokutana hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa bado nimenuna na Mungu, naye Zaituni hakunisukuma. Akastaafu mwaka huo. Mimi niliendelea kufua miaka yote iliyofuata, hadi ninyi mkaja mkanikuta, na wengi wenu mlishangaa kwa nini bibi huyu hasemi kitu wakati wa kukunja, ila midomo inacheza. Mlidhani nahesabu. Neno lilirudi polepole, kwanza kwa mazoea, kisha kwa sababu kila shuka lilikuwa linaenda chini ya mtoto wa mtu. Kwa nini Mungu hakuniponyea wangu, sijui. Nimeuliza na bado nauliza. Kitu ninachojua ni kwamba siku niliyobaki na neno moja tu, tena bovu, lilisikika.

Zaituni alifariki kabla sijastaafu, asubuhi, akiwa amemaliza kuswali. Mpwa wake, Mwanaisha, alikuja kunichukua kazini. Kaloleni niliwakuta wanawake wamejaa uani, na wengine ndani wakimwosha. Mimi si wa dini yao, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, nikiwa na aproni yangu ya kazi. Baadaye Mwanaisha akatoka na kile kitambaa mikononi. Akasema, "Mama mdogo, aliacha maneno. Kabla hakijakatwa, kipigwe pasi na wewe. Alisema sisi tutakiunguza."

Wakanipa pasi ya makaa. Nikapiga polepole, urefu wote, na nilipofika kwenye ile alama ya zambarau nikapita kando yake, kisha nikaona ni upuuzi, nikapita juu yake pia. Udi ulikuwa bado unanukia. Nilipomaliza nikampa Mwanaisha pembe mbili, nikashika mbili. Tukavuta mpaka kikalia. Tukakunja kwa urefu, tukaendeana, mikono ikakutana.

"Shuka," nikasema.

Lilitoka sawasawa, na "sh" yake kamili. Mwanaisha hakuona ajabu yoyote, akachukua zile pembe, akaingia ndani. Nilibaki pale mlangoni na mikono mitupu, na walimu wangu wote wawili hawakuwepo kusikia.